Maswali yanayoulizwa sana: stresi na bernauti kwa manesi wa dayalisisi

Haya maswali nimekuwa nikiyajibu kwa mdomo tu, kwenye simu, kwenye kachumba ketu ka chai, saa nyingine kwenye daladala mtu anakugusa bega "samahani dada, eti wewe si nesi wa figo?" Nimeona niyaandike sehemu moja nipumzike. Mi ni nesi, dayalisisi huu mwaka wa tisa, kabla ya hapo nilikaa wodi ya wanaume miaka mitatu. Sio mwanasaikolojia. Ya kitaalamu nimeyasoma, mengine nimeyaona kwa macho yangu, na kama hujawahi kuingia yuniti ya dayalisisi, yaani ya kumsafisha damu kwa mashine mtu ambaye figo zimegoma, we soma tu utaelewa mbele ya safari.

Bernauti ndo kitu gani, si uchovu tu huo?

Uchovu unaisha ukilala. Umepiga shifti mbili mfululizo, unarudi unalala mpaka jua linakuchoma dirishani, unaamka unakula ubwabwa na maharage, umekuwa mtu tena. Hii nyingine unalala masaa kumi unaamka umechoka vilevile, na ukifikiria tu geti la hospitali tumbo linakata.

Neno lenyewe alianza kuliandikia mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, mwaka 1974, alikuwa anajitolea kwenye kliniki ya bure New York akaona wenzake wanazimika mmoja mmoja kama kibatari kilichoisha mafuta, na yeye mwenyewe yumo. Baadaye Christina Maslach akatengeneza kipimo, kilitoka 1981, kinaangalia vitu vitatu: moyo umeishiwa nguvu, watu umeanza kuwaona kama vitu, na kazi yako unaiona haina faida yoyote. Hicho cha katikati ndo kinatuvamia kimyakimya. Unajikuta unasema "mashine namba sita kashuka presha" wakati namba sita ni mama mtu mzima ambaye kila asubuhi unamwamkia shikamoo, na hukumbuki umeanza lini kumwita hivyo.

WHO mwaka 2019 wameiweka kwenye orodha yao ya magonjwa ya ICD-11 lakini wakasema wazi ni jambo la kazini, sio ugonjwa. Mi hapo niliwapenda. Kama kitu kinatoka kazini basi huwezi kuniambia dawa yake nikaitafute nyumbani kwangu kwa hela yangu.

Sasa mnachoka na nini wakati mashine ndo inafanya kazi?

Hili aliniuliza shemeji yangu kwenye kipaimara cha mtoto, mbele za watu. Nikacheka. Acha nikupe asubuhi moja.

Saa kumi na moja alfajiri uko kazini, kwa sababu wagonjwa wa kwanza saa kumi na mbili wanatakiwa wawe wameshaunganishwa. Kwanza chumba cha maji kule nyuma, unapima klorini, maana mgonjwa mmoja kwa masaa manne zinapita lita kama 120 za maji yaliyosafishwa upande wa pili wa kichujio chake, klorini ikipenya hapo inavunja chembe za damu na huo ni msiba. Halafu unapanga laini, zile mipira ya kupitishia damu, unapraimu, yaani unazijaza selaini, unagongagonga kichujio mpaka hewa yote itoke. Unapima uzito, unakuta mzee kaja na kilo nne na nusu juu ya uzito wake mkavu, ule wa bila maji ya ziada, yaani kanywa maji mengi na figo haziyatoi, mashine ndo itayatoa. Unachoma fistula, ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa upasuaji, sindano mbili, na zile sindano sio za chanjo jamani, ni nene, na mtu mwenyewe anakuangalia usoni wakati unachoma. Una wagonjwa wanne, siku rosta ikiwa na pengo wanakuwa watano.

Damu inatoka mwilini kama mililita 300 kila dakika, inazunguka, inarudi. Sasa fikiria sindano ya kurudishia ichomoke, blanketi limefunika mkono, mgonjwa kasinzia. Dakika tano tu lita moja na nusu iko chini. Ndo maana tunagombana nao kila siku kuhusu kufunika mkono, wao wanasikia baridi kweli wanaona tunawaonea.

Wakati umeinama hapo alamu inalia mashine ya tatu, kakunja mkono tu, unamnyoosha. Inalia ya kwanza. Yule mama alikuwa anapiga miayo tangu dakika mbili zilizopita, na ukikaa sana kwenye hii kazi unajua ile miayo sio usingizi, ni presha inaondoka, unapima unakuta 70 kwa 40, unasimamisha kutoa maji, unanyanyua miguu, unafungulia drip ya selaini. Wa nne anaita sista msuli umekaza nakufa. Saa nne inafika unawatoa wote kwa pamoja, mashine zinaenda kwenye disinfekta, na nje wa zamu ya pili wameshaanza kugonga mlango kwamba mnachelewesha.

Nyumbani kwangu luku ikianza kulia imebaki uniti chache nashtuka nageuka kutafuta mgonjwa.

Na umeme. Mashine zina betri ya kushikilia dakika chache, kama betri ni nzima. Siku moja umeme ulikatika na jenereta ikagoma, betri zikaanza kufa moja baada ya nyingine, tukafungua vifuniko vya pampu tukatoa vile vishikio tukaanza kuzungusha kwa mkono ili damu irudi kabla haijaganda, tulikuwa manesi wawili na wagonjwa sita, mfanyausafi akashika tochi ya simu na ndugu wa mgonjwa mmoja nikamfundisha kuzungusha hapohapo. Unazungusha huku macho yako kwenye laini unatafuta povu maana mashine imezimika haiwezi tena kukuambia hewa inaingia. Mama niliyekuwa namzungushia akaniambia, "Taratibu mwanangu, ndo hiyohiyo sina nyingine." Wote walitoka salama. Mimi mikono ilitetemeka mpaka usiku, kesho yake saa kumi na moja nikawa kazini na hakuna aliyeuliza.

Kila idara ina presha, kwa nini mnajiona maalum?

Hatujioni. Wa leba wana yao, wa ICU wana yao na wanazika wengi kuliko sisi. Tofauti yetu ni muda.

Mgonjwa wa wodi anakaa siku tano anaruhusiwa, akipona akikukuta sokoni anakununulia soda. Wangu akipata dozi kamili anakuja mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, piga hesabu ya mwaka ni masaa zaidi ya 600. Kaka yangu wa tumbo moja sijakaa naye masaa hayo tangu niolewe. Najua anavyokoroma, najua binti yake kafeli mtihani, najua mkewe wa pili hataki kumleta. Na figo zake haziponi. Aliyefika hatua ya mwisho dayalisisi inamnunulia muda tu, kutoka kwenye kile kiti njia ni chache sana, apandikizwe figo, hela iishe, au afariki. Kupandikiza sasa kunafanyika hapahapa nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata, lakini ni lazima apatikane ndugu wa kutoa figo na aonekane anafaa, na wengi hawapati.

Kwahiyo unajenga undugu na mtu ambaye unajua mwisho wake. Halafu kuna Jumatatu. Wanaokuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wanakaa siku mbili za wikiendi bila kusafishwa, maji na potasiamu vinajaa, na hilo pengo refu linajulikana kabisa kuwa ndo lenye hatari kubwa ya kifo. Jumatatu asubuhi kiti kikiwa wazi mpaka saa moja hakuna anayesema kitu. Mtu mmoja anachukua simu anapiga, na ikipokelewa na sauti nyingine wote tunajua.

Nitajuaje kama imeshanifika?

Mimi dalili yangu ya kwanza ilikuwa kufurahi. Mgonjwa mmoja msumbufu hakuja nikasikia raha, afadhali leo wamebaki watatu, dakika moja baadaye nikakumbuka kutokuja maana yake nini. Nilienda chooni nikakaa.

Kwa wengine inaanza na mwili, kichwa kila jioni, mgongo, vidonda vya tumbo visivyosikia dawa, usingizi unakuja unakatika saa nane usiku na unaanza kujiuliza nilifunga klampu au sikufunga. Wengine wanaanza kuchelewa, watu waliokuwa hawajawahi kuchelewa. Wengine wanakuwa wakali kwa wanafunzi wa field. Kuna ambao wanakuwa wachangamshi kupita kiasi, utani mwingi, ukikaa nao kidogo unaona nyuma yake hakuna mtu. Na wapo wanaoanza na bia mbili za kupata usingizi zikawa nne, au vidonge. Hicho cha vidonge nakiandika kwa makusudi kwa sababu sisi dawa tuko nazo karibu.

Ukiona umeanza kuwaza ingekuwa bora usiamke, hapo acha kusoma hii, mwambie mtu mmoja leo hiihii na umuone daktari wa akili. Hiyo haisubiri off.

Mgonjwa niliyemhudumia miaka minne kafariki nalia kama kafa baba yangu. Wenzangu wananishangaa.

Wasikushangae, na wao walilia kwa wao. Tatizo la dayalisisi ni kwamba kiti hakikai na msiba. Mtu kafariki Jumamosi, Jumatatu kuna mwingine kwenye orodha kapewa nafasi yake, unamkaribisha na tabasamu, unamwonyesha pa kuweka viatu, na yeye kwa furaha ya kupata nafasi hajui kakaa kwa nani.

Kwetu tulianza kitu kidogo. Mgonjwa akifariki, kabla ya zamu ya pili kuingia tunasimama dakika kumi kwenye kachumba ka chai, kila mwenye neno anasema, asiye na neno ananyamaza, tunapanga nani aende msibani kwa niaba ya wote na tunachanga rambirambi. Siku ya kwanza tulisimama tu tukaangaliana kama wajinga. Siku hizi wakati mwingine tunacheka, maana wagonjwa wetu wana vituko, kuna mzee mmoja alikuwa anatuletea hesabu ya mechi zote za Simba na kutulaumu sisi wakifungwa. Kwenda msibani kunasaidia kuliko nilivyodhani, unakuta familia inakujua jina.

Mgonjwa anakunywa madafu, anakula ndizi, namwambia kila siku hasikii. Nimeanza kumchukia. Mimi ni mtu mbaya?

Hapana, ila kaa nayo hiyo hisia uiangalie. Wewe unajua dafu limejaa potasiamu na potasiamu ikipanda moyo unasimama, yeye anajua kiu. Mwambie mtu wa Dar mwezi wa pili anywe nusu lita ya maji kwa siku. Mi nilijaribu siku moja nikiwa off kuhesabu maji yangu, saa sita mchana nilikuwa nimemaliza.

Kilichonisaidia ni kuacha kuhubiri. Nilikuwa natoa mahubiri yaleyale mara tatu kwa wiki na kila akija na kilo tano nachukulia kama tusi, kama vile ananikomoa mimi. Sasa namuuliza, "Mzee, wikiendi ilikuwaje?" Anasema kulikuwa na harusi. Basi tunaanzia kwenye harusi. Kilo bado anakuja nazo, lakini mimi siendi nazo nyumbani.

Inaniuma zaidi wanaorudishwa kwa sababu ya hela. Hii nayo ni bernauti?

Hii ina jina lake, wanaita maumivu ya kimaadili: unajua kilicho sahihi kufanya na huruhusiwi kukifanya. Inakula kuliko shifti ndefu, mi naona hata kuliko vifo.

Ukikadiria session moja laki mbili, mara tatu kwa wiki, mwezi unazungumzia milioni mbili na laki nne, nani anazo hizo bila bima? Familia inauza kiwanja, inauza bajaji, halafu mara tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja, na we unamuona anavyovimba. Dirishani wanasema bado malipo, lakini anayetoka nje kwenda kumwambia ni nesi.

Huu mzigo ulianza na dayalisisi yenyewe. Seattle kule Marekani mwaka 1962 mashine zilikuwa chache wakaunda kamati ya watu saba, mchungaji, mwanasheria, mama wa nyumbani, mwenye benki, wakawa wanakaa kuamua nani apewe na nani aachwe. Dunia ikapiga kelele, na mwaka 1972 sheria ikapita serikali yao ikaanza kulipia. Sisi kamati hatuna. Kamati yetu ni dirisha la malipo na dirisha halikosi usingizi.

Ninachofanya: siendi peke yangu tena kutoa hilo jibu. Namwita daktari au afisa ustawi wa jamii, tunaenda wawili, na ustawi anaitwa tangu familia inapoanza kuchelewesha, sio siku imeshaisha kabisa. Na hela ya mfukoni kwangu sitoi zaidi ya kiasi nilichojiwekea. Nilishawahi kukopa kwenye kikoba kumlipia mgonjwa. Nililipa ile mikopo yeye akiwa ameshafariki.

Ndugu wa mgonjwa akinitukana?

Toka. Mwambie mwenzako ashike mgonjwa wako, nenda kanywe maji. Kisha andika kwenye ripoti kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, usilainishe. Mgonjwa mwenyewe akitukana angalia kwanza sumu za damu, sukari na presha, wakati mwingine sio yeye anayeongea.

Nilikosea kazini, mgonjwa hakudhurika lakini silali.

Daktari Albert Wu mwaka 2000 aliandika kuhusu mwathirika wa pili, yaani kosa likitokea wa kwanza ni mgonjwa na wa pili ni aliyekosea. Nilipoisoma nilisikia kama mtu kanishika mkono.

Ripoti kosa, hata kama hakuna aliyeona. Najua kuna sehemu ukiripoti unaandikiwa barua, ndo maana watu wanaficha, na wakificha kosa linajirudia kwa mwingine. Ila jiulize pia saa ngapi ilikuwa. La kwangu lilikuwa saa ya kumi na moja ya shifti, mgonjwa wa tano, sikuwa nimekula tangu chai. Nilijilaumu mimi miezi miwili kabla sijailaumu rosta hata mara moja.

Sheria inasemaje kuhusu masaa?

Hapa Tanzania Bara kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki. Kwa siku usizidi 12 hata ukijumlisha ovataimu, na ovataimu yenyewe isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, inalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima. Saa nzima! Sisi tunakula maandazi tumesimama nyuma ya pazia. Kila wiki angalau masaa 24 ya kupumzika. Likizo ya mwaka siku 28. Ukiumwa na una cheti cha daktari una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, zile 63 za kwanza mshahara kamili, zilizobaki nusu.

Dharura zina nafasi yake, sawa, mgonjwa anavuja damu huwezi kusema masaa yangu yameisha. Lakini upungufu wa manesi wa mwaka mzima hauitwi dharura. Andika masaa yako kwenye daftari, tarehe na saa ya kuingia na kutoka. Nenda nalo kwenye chama chako cha wafanyakazi, au TANNA, chama cha wauguzi, kama ni mwanachama. Ukienda na "tunaonewa" wanakuonea huruma. Ukienda na daftari wanatafuta miwani.

Napiga pati taimu hospitali nyingine siku za off, nina ada za watoto. Niache?

Siwezi kukuambia uache, sikulipii ada. Na mi nilifanya miaka mitatu. Ila usidanganyike kwamba zile ni off. Kama pati taimu nayo ni dayalisisi, wiki nzima akili yako haijatoka kwenye alamu. Mwenzangu mmoja alibadilisha, dayalisisi akaacha huko kwa mwajiri wake, off akawa anafanya kliniki ya watoto, chanjo na kupima uzito, hela ndogo kidogo lakini anasema mtoto akilia analia kwa sababu ya sindano na dakika mbili mbele kanyamaza kaenda nyumbani. Na usiunganishe usiku wa huku na asubuhi ya kule. Hiyo hapana.

Nikimwambia inchaji, nesi msimamizi wa yuniti, si nitaonekana siwezi kazi?

Inategemea inchaji. Usimwambie "nina stresi," mwambie kitu anachoweza kukishika: "Dada, wiki tatu mfululizo nimefungua asubuhi na kufunga usiku, naomba wiki ijayo nisifungue." Rosta anaweza kuibadilisha, moyo wako hawezi. Kama inchaji mwenyewe ndo tatizo nenda kwa metroni, nenda mkiwa wawili.

Mimi ndo inchaji, bajeti sina, manesi sina. Nifanye nini?

Pole, we ndo uko katikati, juu wanataka namba na chini wanataka watu. Mambo ambayo hayana hela nimeyaona yakisaidia: rosta itoke mapema mtu apange maisha yake, aliyefunga usiku asifungue asubuhi, mgonjwa mgumu asiwe wa nesi yuleyule kila mara kwa kisingizio cha "anakuelewa wewe". Kuachanisha muda wa kuunganisha wagonjwa, wawili wawili kwa tofauti ya dakika kumi na tano au ishirini, ili wasitoke wote pamoja. Hili dogo tu lilitupunguzia vurugu ya saa nne kuliko semina yoyote. Na mtu apokelewe mashine zake aende kula akiwa amekaa.

Ukipata nafasi ya kupeleka maombi juu, peleka namba za mgonjwa na nesi za kila siku ya mwezi. Na tafadhali, Mei 12 Siku ya Wauguzi ikifika mtuletee keki na tisheti, tunashukuru, tisheti yangu ya mwaka juzi nafanyia usafi, ila tungefurahi mkituletea pia nesi mmoja wa ziada.

Maombi, mazoezi, likizo, vinasaidia?

Vinasaidia. Mi naimba kwaya na Alhamisi jioni bila ile sijui. Likizo inasaidia kama siku kumi za kwanza hujaenda kusimamia ujenzi wa kijijini. Ila mtu ambaye rosta yake ni mbovu ukimpeleka kutembea ufukweni Jumapili atarudi Jumatatu kwenye rosta ileile, na akivunjika mtasema hakuwa anafanya mazoezi.

Kitu kimoja cha bure: baada ya shifti usiingie ndani moja kwa moja. Mi nashuka kituo kimoja kabla ya kwangu natembea.

Nikienda kwa mwanasaikolojia si watasema nimepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?

Watasema. Wacha waseme. Hospitali kubwa zina kitengo cha afya ya akili, ukiona aibu kwenda cha hospitali yako nenda cha nyingine, vaa nguo za kawaida, kaa foleni kama mtu. Mimi nilienda mara tano. Mara ya kwanza nililia nusu saa yule dada akanipa tishu akasubiri, sikuwa nimeona mtu ananisubiri muda mrefu. Pia kuna sonona ambayo inajificha nyuma ya bernauti, na hiyo ina dawa. Likizo umeenda na bado hakuna kinachokufurahisha, hata vya nyumbani? Nenda ukapimwe.

Nihame yuniti?

Ukihama baada ya kujaribu mengine sio kushindwa. Wapo waliohamia kliniki ya presha na kisukari na wanasema wanazuia watu wasifike kwetu, na ni kweli, presha na kisukari ndo vinatuletea wengi. Usihame tu katikati ya hasira wiki ya msiba. Subiri mwezi.

Mimi nimebaki. Sababu sina nzuri, nahisi ni zile stori za asubuhi.

Mume wangu ni nesi wa dayalisisi, akirudi haongei. Amenichoka?

Hapana shemeji. Kaongea masaa kumi na mbili kwa sauti ya upole hata pale alipotaka kupiga kelele, maneno yameisha. Mpe chakula, mpe saa moja, usimuulize "leo vipi" mlangoni. Baadaye muulize mgonjwa mmoja unayemjua kwa stori, "yule mzee wa Simba anaendeleaje?" Atafunguka. Akisema kafariki, zima tivii.

Mimi ni mgonjwa wa dayalisisi, nimesoma mpaka hapa. Nifanye nini kwa manesi wangu?

Shikamoo au marahaba, kutegemea na umri wako. Fika kwa muda wako. Ukihisi kizunguzungu au miayo sema mapema, usione aibu kwamba tuko bize. Mkono uache wazi, tukuletee blanketi la miguu. Simu ikibadilika namba tupe mpya. Na kama Jumatatu hutakuja kwa sababu umesafiri, umeenda harusini, gari limeharibika, chochote, tafadhali tupigie kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.